Kuandaa Shimo la Boga Kubwa kwa Afya ya Nyumbani

(Kwa msomaji studioni: Soma polepole. Panapotajwa kipimo, kirudie mara mbili ili aliye jikoni au shambani aweze kukishika.)

Leo tutashika jembe. Huenda ukajiuliza, jembe na afya wapi na wapi? Subiri kidogo.

Mgeni anayekuja Gusii kwa mara ya kwanza hushangaa sana. Anaona milima ya kijani tangu bondeni hadi kileleni, ndizi, chai, mahindi, miwa, miparachichi kando ya barabara. Mvua hapa huzidi milimita 1,500 kwa mwaka. Akiambiwa kwamba katika nyumba hizo zilizozungukwa na kijani kuna watoto wanaokosa chakula bora, hawezi kuamini. Lakini hebu angalia sahani. Ugali wa mahindi meupe, kabeji nyeupe, au ndizi zilizochemshwa na chumvi. Mtoto ameshiba, tumbo limejaa, na bado mwili wake una njaa. Wataalamu huiita njaa iliyojificha, kwa sababu haionekani kwa mbavu. Mara nyingi huonekana kwa macho, kwa damu na kwa kimo.

Mwaka 2014 uchunguzi wa afya wa kitaifa ulionyesha kwamba watoto 26 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano hapa Kenya walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Kufikia uchunguzi wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 18. Ni hatua nzuri. Hata hivyo hao 18 si nambari tu, kwani mtoto aliyedumaa katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kukifidia kimo hicho baadaye.

Sasa, macho. Mwili unahitaji vitamini A ili macho yaone vizuri wakati mwanga ni hafifu, na ili mtoto aweze kupigana na surua, kuhara na magonjwa ya kifua. Ikipungua sana, mtoto huanza kujikwaa jioni. Anatafuta kikombe kilicho mbele yake kwa kupapasa. Wazazi wengine humwita mzembe. Mama, ukiona hivyo, usingoje wala usijaribu kumtibu kwa chakula peke yake. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Vilevile usikose matone ya vitamini A yanayotolewa bila malipo kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mara mbili kwa mwaka. Tangu mwaka 2007 kumekuwa na wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba, na katika wiki hizo watoto waliotimiza mwaka mmoja hupewa pia dawa ya minyoo.

Matone ni mara mbili kwa mwaka, lakini mtoto hula kila siku. Hapo ndipo boga linapoingia. Ile rangi ya machungwa ndani ya boga ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Majani yake, risosa tunazozijua sisi sote, yana vitamini hiyo pia pamoja na madini ya chuma na ya mifupa. Mbegu zake zina mafuta, protini na madini ya zinki. Mmea mmoja, vyakula vitatu, na hauhitaji ekari nzima. Hili ni jambo kubwa kwetu, kwa maana mashamba yamegawanywa baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu, hadi wengine wamebaki na robo ekari ambayo nusu yake ni majani chai.

Basi mbona maboga ya wengi wetu ni madogo kama ngumi mbili, mengine yanaoza yakiwa machanga? Sababu ni kwamba mbegu hutupwa tu kando ya mahindi na kuachiwa Mungu. Boga ni mlafi. Ukubwa wake huamuliwa chini ya ardhi, kabla hata mbegu haijaguswa. Tuzungumzie shimo.

Kwanza mahali. Boga linataka jua la kutosha, angalau saa sita kwa siku. Usilichimbie chini ya migomba iliyosongamana, na usilikaribie mikaratusi, ile miti ya blugamu, kwani mizizi yake itakunywa maji yote kabla boga halijaonja. Mpakani mwa shamba ni pazuri, au juu ya tuta la fanya juu, kwa sababu shina litatambaa mita tatu, nne, hata zaidi, nawe unaweza kulielekeza lifuate tuta badala ya kuvamia mahindi. Usichimbe mahali ambapo maji ya mvua kutoka barabarani huingia, wala pale ambapo zamani palikuwa jalala la betri, vioo na sindano. Chemchemi nayo ikae mbali. Wengi wetu tunateka maji ya kunywa kwenye chemchemi zilizojengewa huko mabondeni, na samadi ikiwekwa juu yake, mvua itaiteremsha hadi kwenye mtungi wako. Hatua 40 za mtu mzima ndizo za chini kabisa, na ni bora shimo liwe upande wa chini wa chemchemi kuliko upande wa juu.

Kisha vaa viatu. Narudia, vaa viatu, gambuti kama unazo. Udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi cha watu una vimelea vya safura ambavyo hupenya ngozi ya mguu bila wewe kuhisi chochote zaidi ya kuwashwa, kisha hukaa tumboni vikinyonya damu. Funza nao hupenda mguu mtupu penye vumbi. Na jembe likikukata, hata kidogo, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, halafu nenda zahanati ukaulizie chanjo ya pepopunda. Samadi ya farasi, punda na ng'ombe inaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Usipake kidonda udongo, samadi wala majivu kama tulivyoona baadhi ya wazee wakifanya.

Sasa chimba. Upana futi tatu, kina futi mbili. Huku kwetu udongo wa juu ni mweusi kidogo au wa kahawia, nao wa chini ni mwekundu kabisa. Usiuchanganye! Tenga ule wa juu upande mmoja na ule mwekundu upande mwingine. Ukifika futi mbili, chukua fokojembe ulegeze sakafu ya shimo bila kutoa udongo, ili mizizi isigonge mahali pagumu ikarudi.

Chini kabisa weka mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa, au vipande vya mgomba, unene wa nusu futi. Mgomba ni mzuri kwa sababu hushika maji kama sponji, na jua likiwaka wiki mbili boga halitajua. Juu yake rudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, debe tatu au nne kwa shimo moja. Nasema iliyooza. Samadi mbichi huwa na moto, itachoma mizizi michanga, nayo imejaa vijidudu na mbegu za magugu. Utaijuaje? Iliyooza haina harufu ya zizi, ni nyeusi, inavunjika vidoleni kama keki iliyokauka, na ukichoma fimbo katikati ya rundo kisha uichomoe baada ya dakika chache, fimbo hutoka ikiwa baridi. Ikitoka na joto, rundo bado linafanya kazi. Ligeuze na ungoje. Kwa kawaida ni miezi mitatu, huko juu kwenye baridi inaweza kuwa minne. Mwenye ng'ombe mmoja wa kufungwa zizini ana samadi ya kutosha mashimo mengi. Asiye na ng'ombe atumie mboji ya majani na maganda, au samadi ya kuku iliyooza, lakini hiyo ya kuku ni kali, debe moja latosha.

Jambo lingine. Udongo wetu ni mwekundu, wenye kina, hautuamishi maji, ni zawadi kubwa, ila una uchachu. Mvua nyingi huosha chokaa yake, na mbolea ya DAP tuliyotia mwaka baada ya mwaka imeongeza uchachu huo. Chai hupenda udongo mchachu, boga halipendi. Nyunyiza nusu gorogoro ya jivu la kuni katika mchanganyiko wa shimo, au konzi mbili za chokaa ya kilimo, ile inayochimbwa Koru, uchanganye vizuri. Chagua kimoja kati ya hivyo viwili. Jivu likizidi hudhuru, nalo jivu la plastiki na la mbao zilizopakwa rangi lisiguse chakula kabisa. Ukitaka kujua uchachu wa shamba lako kwa hakika, peleka udongo ukapimwe. Afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza, na kile kituo cha utafiti cha Kisii kilichokuwa kikiitwa KARI, sasa KALRO, bado kipo.

Jaza mpaka shimo lipande juu ya uwanda wa shamba kiasi cha shubiri moja, kama kichuguu kilicholala. Litashuka lenyewe. Ule udongo mwekundu uliotengwa usiupoteze. Utumie kujenga ukingo wa nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, ili maji ya mvua yasimame kidogo na kuingia polepole badala ya kukimbia na samadi yako hadi mto Gucha.

Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ya malaria. Watu wengi huchimba mashimo mwezi wa Januari, kisha kazi ya chai au karo ya shule ikawavuta kando, na mashimo yakabaki wazi. Mvua ya Machi ikija, kila shimo linakuwa kidimbwi chenye maji tulivu yanayopigwa jua. Mbu wa malaria hapendi mahali pengine kuliko hapo. Wiki moja au mbili zamtosha kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa. Tunaokumbuka miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 tunajua jinsi malaria ilivyopanda milima hii na kuwalaza wakubwa kwa wadogo, watu ambao miili yao haikuizoea kama jirani zetu wa kando ya ziwa. Kwa hiyo chimba shimo ambalo unaweza kulijaza siku hiyo hiyo. Afadhali mashimo mawili yaliyojazwa kuliko kumi yaliyo wazi. Na mtoto anayejifunza kutembea hajui tofauti ya shimo na kivuli.

Swali ambalo huulizwa karibu kila mahali tunapokutana na vikundi vya akina mama ni hili: je, naweza kupanda boga kwenye shimo la choo cha zamani? Watu huuliza kwa sauti ya chini na wengine hucheka, lakini ni swali la maana, kwa sababu sote tumeona maboga makubwa ajabu mahali hapo. Jibu ni refu kidogo.

Kinyesi cha binadamu kina rutuba, hilo si uongo. Lakini kina pia vijidudu vya homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara damu, na mayai ya minyoo. Vijidudu vingi hufa baada ya miezi kadhaa. Mayai ya ile minyoo mirefu ya mviringo ni mkaidi. Yanaweza kukaa udongoni mwaka na zaidi yakingoja mtoto atie kidole mdomoni. Kwa hiyo usichimbue choo cha zamani kutafuta mbolea, na usichukue taka ya choo kuitia kwenye shimo la boga, hata kama imeonekana kukauka. Choo kikikaribia kujaa, kikiwa kimebakiza futi mbili, acheni kukitumia, kifukieni kwa udongo hadi juu na kushindilia, mkiweke alama. Baada ya hapo kikae miaka miwili kamili. Hata baada ya miaka hiyo, sisi twashauri mpande mgomba au mparachichi pale, matunda yake yakiwa juu na mbali na udongo. Boga hulala chini, majani yake hutambaa chini, na risosa huchumwa na watoto. Lipe shimo lake safi. Kama tayari mna boga limeota lenyewe mahali pa namna hiyo, msile majani yake. Tunda lioshwe kwa sabuni na maji safi kabla ya kupasuliwa, kwa sababu kisu ndicho hupeleka uchafu wa ganda hadi ndani, kisha lipikwe liive kabisa.

Haya. Shimo limejazwa, liache litulie wiki mbili au tatu. Kwa mvua ya masika, andaa shimo mwishoni mwa Januari au Februari na upande Machi mvua ikishika. Kwa mvua ya vuli, andaa Agosti upande Septemba. Mbegu tatu kila shimo, kina cha inchi moja, na zikifika majani manne bakisha mche ulio na nguvu, ung'oe mingine. Inauma kung'oa mche wenye afya. Lakini mitatu katika shimo moja itakupa majani tele na maboga ya ngumi. Kati ya shimo na shimo acha hatua tatu ndefu. Tandaza nyasi kavu juu, zisiguse shina.

Mbegu utazipata wapi? Usinunue kwa macho ya nje. Nenda sokoni, Daraja Mbili au Keroka au soko la karibu nawe, utafute boga lililopasuliwa, lenye nyama ya rangi nzito kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Boga kubwa lenye nyama nyeupe iliyojaa maji litajaza sufuria, lakini macho ya mtoto halitayasaidia sana.

Nasema hivi kwa sababu ukubwa nao una kipimo chake. Huko Marekani, mwaka 2023, mkulima mmoja aitwaye Travis Gienger alileta kwenye mashindano ya Half Moon Bay, California, boga la kilo 1,247. Hiyo ni uzito wa gari dogo! Yale hukuzwa kwa tuzo, wala si kwa meza. Sisi tunataka boga la kilo sita hadi kumi. Boga la namna hiyo lililokomaa vizuri, lenye ganda gumu, hukaa ndani ya nyumba miezi miwili au mitatu bila friji wala dawa, bora lisigongwe na kikonyo chake kisivunjike. Lililopandwa Septemba huvunwa Januari au Februari, na likahifadhiwa hadi Aprili, wakati ghala la mahindi limebaki na mavumbi. Lakini ukishalipasua lina siku mbili tatu tu. Kwa hiyo akina mama wa kijiji kimoja fanyeni zamu. Leo nimepasua langu nimekugawia nusu, wiki ijayo unapasua lako.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa nyumbani: risosa au boga? Ukichuma ncha kila siku kutoka shina lile lile, usitarajie boga kubwa, kwa maana majani ndiyo jiko linalopika chakula cha tunda. Ushauri wetu ni kuwa na mashimo mawili angalau. Moja liwe la majani, ulichume kila wiki bila huruma kuanzia shina linapopita urefu wa mita moja, yaani wiki ya sita hivi au ya nane baada ya kupanda. Hilo la Machi litaanza kukupa mboga mwishoni mwa Aprili, miezi ile ambayo mahindi bado ni mabichi na mfuko hauna kitu. La pili liwe la tunda, uguse ncha za pembeni chache tu, na kila shina libakishiwe boga moja au mawili. Mvua ikizidi nyuki hawatoki, na maua ya kike hudondoka bila kushika. Basi toka asubuhi kabla ya saa nne, chuma ua la kiume, lile lenye kikonyo kirefu chembamba, ulisugue taratibu ndani ya ua la kike, lile lenye kiboga kidogo chini yake. Boga likikua, lilaze juu ya nyasi kavu lisioze.

Jikoni nitapita haraka, kwa sababu akina mama wa Gusii hawafundishwi kupika risosa. Toa nyuzi, osha kabla ya kukata na si baada, chemsha kwa maji machache na kwa muda mfupi, changanya na chinsaga au rinagu, tia maziwa kama kawaida. Ila mambo matatu. Vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta, kwa hiyo kijiko kimoja cha mafuta au maziwa yenye malai ni lazima. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, ponda boga lililoiva pamoja na kipande cha parachichi. Mafuta yamo humo tayari na hayakugharimu kitu. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake.

La pili ni chai. Najua nazungumza na watu wa chai, na Nyamira haitafurahi. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye mboga. Mama mjamzito na mtoto mwenye upungufu wa damu wanywe chai yao saa moja baada ya kula, au saa moja kabla. Wakati wa kula, nyanya au maji ya limau juu ya risosa husaidia chuma hicho kuingia.

La tatu ni uchungu. Boga ni tamu au halina ladha, lakini halipaswi kuwa chungu. Kabla ya kupika, gusa kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tema, na utupe boga zima, wala usimpe ng'ombe. Uchungu huo ni sumu ya asili ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa sukari, nayo huleta kutapika na kuhara kukali. Mwaka 2015 mzee mmoja wa miaka 79 kule Ujerumani alifariki baada ya kula mboga ya jamii hii hii iliyokuzwa bustanini, iliyokuwa chungu. Mkewe naye alilazwa hospitalini. Boga hugeuka hivyo hasa linapochavushwa na maboga ya mwitu au ya mapambo, na madhara huonekana msimu unaofuata, kwa mbegu ulizohifadhi. Ndiyo maana usihifadhi mbegu kutoka boga usilolionja.

Wenye kisukari pia wameuliza. Hamjakatazwa boga. Lina wanga, kwa hiyo lihesabiwe mahali pa ugali au ndizi, lisiongezwe juu yake. Risosa kuleni mpendavyo.

Tarehe ya leo mnaijua wenyewe. Kama mvua iko karibu, anza na kutafuta samadi, maana hiyo ndiyo huchelewesha watu. Jirani mwenye zizi huenda akakupa debe nne kwa kazi ya nusu siku. Kama mvua iko mbali, geuza rundo. Mhamasishaji wa afya ya jamii akipita kwako, muulize lini watoto watapewa matone ya vitamini A katika zahanati yenu, na umwonyeshe shimo lako akitaka kuliona. Mazungumzo yajayo yatahusu chinsaga na mama anayenyonyesha, na kama saa hii unatusikiliza ukiwa na kikombe cha chai na sahani ya mboga pamoja, maliza sahani kwanza. Kwaherini.

(Muziki.)